Nyumba inayouzwa ifunguliwe mlango

Anayepita Sinza, Tandika, Mbagala au Tegeta jijini Dar es Salaam hawezi kukosa kuyaona: maandishi ya rangi nyekundu au nyeusi, herufi zimepinda, ukutani mwa nyumba ya mtu. NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza chini yake OGOPA MATAPELI, kisha namba ya simu. Kwenye viwanja vitupu ni hivyo hivyo, kibao cha bati kimechomekwa katikati ya nyasi. Maandishi ya namna hii yapo pia Kenya na Uganda, na Lagos kule Nigeria nako yamejaa.

Hakuna mtu anayechafua ukuta wake kwa kupenda. Mwenye nyumba anaandika kwa sababu anajua kuwa nyumba yake inaweza kuuzwa yeye akiwa kazini, safarini au amelazwa hospitalini, na ikauzwa na mtu asiyemiliki hata tofali moja la ukuta huo. Mnunuzi anaonyeshwa nyumba jioni, anaambiwa wateja wengine wapo njiani, analipa fedha ya awali, anaandikiana mkataba, na anagundua kilichotokea siku anapokuja na fundi kubadilisha vitasa. Utapeli huo unafanikiwa kwa sababu mauzo halali nayo yanafanyika kwa kunong'ona. Mwizi na mmiliki wanapita njia moja: simu kwa dalali, picha za WhatsApp, kuonyeshwa haraka haraka, mkataba mezani. Kwa macho ya mnunuzi, hao wawili hawana tofauti.

Dawa mojawapo ni siku ya nyumba wazi. Muuzaji anatangaza siku moja au mbili, kwa mfano Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na katika saa hizo mlango uko wazi. Anayetaka anaingia, anazunguka vyumba vyote, anafungua bomba, anauliza, anaondoka. Hakuna ada ya kuangalia, hakuna ahadi. Marekani, Australia na Sweden jambo hili ni la kawaida kila mwisho wa wiki. Afrika Mashariki limebaki zaidi kwa kampuni zinazouza nyumba mpya ambazo bado hazijakaliwa na mtu. Mwenye nyumba wa kawaida wa Tabata au Kinyerezi anastahili kulitumia pia, kwa sharti moja kubwa: asifungue mlango wa sebule peke yake. Afungue na bahasha ya karatasi, na majirani wajue.

Tuangalie kwanza soko lilivyo sasa. Tangazo la kawaida mtandaoni husomeka hivi: nyumba inauzwa Kinyerezi, vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, kiwanja mita za mraba 600, ina fensi na geti, hati ipo, bei milioni 120, maongezi yapo. Mteja akipiga simu, anayepokea si mwenye nyumba. Mara nyingi hata si dalali aliyezungumza na mwenye nyumba, ila ni wa pili au wa tatu aliyepokea picha zile zile kwenye kundi la madalali. Mteja anaambiwa afike stendi atachukuliwa. Kabla ya kuondoka hapo, anadaiwa hela ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata kama nyumba iliyopo ni tofauti kabisa na ile ya kwenye picha.

Halafu kuna cha juu. Mwenye nyumba amesema anataka milioni 100. Dalali wa kwanza anaongeza yake, wa pili naye hivyo hivyo, na mteja anatajiwa milioni 120. Ili hesabu hiyo isimame, lazima muuzaji na mnunuzi wasizungumze. Muuzaji anaelekezwa kabisa: mteja akija, wewe msalimie tu, mambo ya bei niachie mimi. Mnunuzi naye anaambiwa mzee hapendi kuulizwa maswali. Watu wawili wanaohitajiana wanakaa sebule moja, wanakunywa maji ya chupa moja moja, na hawaambiani neno la maana. Miezi inapita, nyumba haiuzwi, na muuzaji anadhani soko limekufa, wakati bei aliyoitaka haijawahi kufika sikioni mwa mteja hata mmoja.

Dalali ana kazi yake na anaifanya kwa jasho. Anatembea juani, anajua mtaa upi una maji na upi hauna, anajua nani ana shida ya fedha na nani anatafuta. Tatizo liko kwenye namna anavyolipwa: akiificha taarifa, anapata zaidi. Ugonjwa huo hauko Dar es Salaam pekee. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichunguza mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Walikuta kwamba madalali walipouza nyumba zao wenyewe walizipatia bei iliyozidi ya nyumba za wateja wao kwa takriban asilimia 3.7, na waliziacha sokoni siku tisa na nusu zaidi. Kwa mali yake mwenyewe dalali alisubiri. Kwa mali ya mteja alishauri ofa ikubaliwe. Hao ni watu wenye leseni, wanaosimamiwa na sheria. Tanzania dalali wa nyumba anaweza kuanza kazi leo akiwa na simu tu.

Huko Marekani kwenyewe, siku ya nyumba wazi ina wapinzani wengi, na hoja zao zinafaa kusikilizwa. Utaratibu huo una zaidi ya miaka 100, tangu matangazo ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliyoalika watu waje kukagua nyumba. Wapinzani wanasema wanunuzi wa leo wanaanzia kwenye intaneti, na hilo ni kweli: tafiti za chama cha taifa cha madalali wa nchi hiyo zinaonyesha kwamba karibu nusu ya wanunuzi waliiona kwanza mtandaoni nyumba waliyoinunua, na walioikuta kupitia bango la uani au siku ya nyumba wazi ni wachache sana, chini ya mmoja kati ya kumi. Wanasema pia kwamba wanaojitokeza ni majirani wadadisi na watu wanaopitisha Jumapili yao, na kwamba anayefaidika zaidi ni dalali, kwa kuwa anasimama mlangoni akikusanya namba za simu za wateja wake wa kesho.

Yote hayo ni sahihi kwa nchi ambayo karibu kila nyumba inayouzwa ina ukurasa wenye historia ya bei, kodi iliyolipwa na jina la mmiliki kwenye rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Mmarekani anayekwenda nyumba wazi tayari anajua nyumba ni ya nani. Anakwenda kuangalia jiko. Mnunuzi wa Chanika au Bunju anakwenda akiwa hajui lolote zaidi ya picha sita. Kwake siku hiyo ina kazi nyingine kabisa, na wale majirani wadadisi wanaolaumiwa huko ndio mashahidi anaowahitaji huku.

Jirani anajua mengi. Anajua kama muuzaji ndiye aliyejenga au ni mpangaji wa zamani aliyebaki na funguo. Anajua kama marehemu mzee aliacha wake wawili. Anajua kama mpaka uko kwenye mnazi ule au ulisogezwa mwaka jana usiku. Anajua maji hufika wapi mvua za masika zikinyesha siku tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna picha ya Januari itakayolionyesha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2017, nyumba nyingi za Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, baada ya kukaa na alama ya X ukutani. Alama ya X inapakwa rangi siku moja na ikafutika. Jirani hasahau iliwekwa nyumba ipi.

Mnunuzi aliyeletwa peke yake, na gari limesimamishwa mbali ili watu wasijue, anayakosa hayo yote. Tena analipia kuyakosa.

Faida nyingine ya mlango ulio wazi ni haki. Wizara ya nyumba ya Marekani ilifanya jaribio kubwa mwaka 2012, ikituma wateja wawili wawili wenye uwezo sawa wa kifedha lakini wa asili tofauti kwa madalali wale wale. Wanunuzi weusi walionyeshwa nyumba pungufu kwa asilimia 17.7 kuliko wenzao weupe, na wenye asili ya Asia pungufu kwa asilimia 18.8. Ubaguzi wa namna hiyo hauhitaji matusi. Mtu anaweza kuhudumiwa kwa tabasamu, akaonyeshwa chache tu. Mlango unaofunguliwa kwa mtu mmoja mmoja unampa mwenye ufunguo nafasi ya kuchagua nani aone nini, na anayetafuta nyumba Dar es Salaam au Nairobi anajua vizuri jinsi swali la "wewe kabila gani" linavyoweza kuja kabla ya swali la fedha. Tangazo likisema Jumamosi saa tatu, karibuni wote, nafasi hiyo inapungua.

Marekani kwenyewe mlango wazi umeongezewa faida: tangu Agosti 17, 2024, kanuni mpya zilizotokana na kesi kuhusu kamisheni za madalali dhidi ya chama chao cha taifa zinamtaka Mmarekani asaini mkataba na dalali wake kabla ya kutembezwa nyumba. Aliyekwenda mwenyewe kwenye siku ya nyumba wazi hadaiwi saini hiyo. Kwa mnunuzi asiyetaka kujifunga mapema, mlango huo umezidi kuwa na thamani.

Sasa hofu. Mwenye nyumba akisikia habari ya kufungulia watu asiowajua, la kwanza analowaza ni wezi, na hakosei. Januari 2019 polisi wa Los Angeles walitangaza kumkamata mtu aliyekuwa akihudhuria siku za nyumba wazi za matajiri wa Hollywood Hills, amevaa vizuri, anaongea kama mnunuzi, kisha anarudi kuiba. Polisi walikusanya vitu zaidi ya 2,000: vito, michoro, mikoba, mvinyo. Lakini upo mfano wa pili. Septemba 2014, dalali mwanamke wa Little Rock, jimbo la Arkansas, alikwenda kumwonyesha nyumba mteja aliyeweka miadi kwa simu. Alitekwa na kuuawa. Hiyo haikuwa nyumba wazi. Ilikuwa nyumba tupu, miadi ya faragha. Ziara ya siri ina hatari yake, na huku Afrika Mashariki ndiyo ziara inayofanyika kila siku, mnunuzi akiwa na bahasha ya fedha mfukoni, akiongozwa na mtu aliyekutana naye stendi.

Wizi unazuilika kwa mambo ya kawaida. Dhahabu, simu, kompyuta na hati halisi zihamishwe kwa ndugu siku moja kabla. Kila anayeingia aandike jina na namba yake kwenye daftari, na aonyeshe kitambulisho. Watu wa nyumbani watatu au wanne wakae: mmoja mlangoni, mmoja vyumbani, mmoja uani. Vijana wa ulinzi wa mtaa waambiwe.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, na haizungumzwi: aibu. Katika mitaa mingi, kuuza nyumba ni habari ya kushuka. Watu watasema fulani amefilisika, anadaiwa na benki, mtoto kaingia kwenye kamari ya mtandaoni, ndoa imevunjika. Wengine wanaogopa husuda. Wanaamini jambo likijulikana kabla halijakamilika litaharibika. Wengine wanaogopa ndugu, kwamba wakisikia fedha inakuja watakuja nayo. Ndiyo maana mtu anauza nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na mitano bila hata jirani wa ukuta mmoja kujua, akahama usiku na kirikuu.

Hofu hiyo inastahili heshima, na bado gharama yake ni kubwa mno kuachwa bila kusemwa. Anayeuza kwa siri anauza kwa wachache, na wachache wanajua kuwa ana haraka. Mnunuzi mzoefu akiona mwenye nyumba anafunga dirisha ili wapita njia wasisikie mazungumzo, anashusha ofa papo hapo. Na habari haifichiki kwa muda mrefu hata hivyo. Siku mnunuzi anapoleta mafundi kupaka rangi, mtaa wote unajua, na tofauti pekee ni kwamba muuzaji ameondoka na fedha pungufu. Kuna sababu nyingi za heshima za kuuza nyumba: kustaafu na kurudi Moshi au Bukoba, kugawana urithi, kusomesha, kutibiwa, kutafuta nyumba isiyo na ngazi kwa sababu magoti hayataki tena. Zote zinaweza kusemwa mchana.

Kuhusu karatasi, hapa ndipo siku ya nyumba wazi ya Afrika Mashariki inapaswa kuizidi ya Marekani. Kwenye meza ya sebuleni ziwekwe nakala, zenye mhuri wa neno NAKALA ili zisitumiwe vibaya: hati miliki au leseni ya makazi, mkataba wa ununuzi wa awali, ramani ya upimaji kama kiwanja kimepimwa, risiti za kodi ya pango la ardhi, bili za maji. Namba ya hati iandikwe kubwa, ili anayetaka aende kwa Msajili wa Hati kuomba taarifa rasmi ya umiliki na kujua kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Kenya, tangu jukwaa la Ardhisasa lizinduliwe Aprili 2021, utafutaji wa namna hiyo kwa ardhi ambazo kumbukumbu zake zimeingizwa humo unafanyika mtandaoni. Muuzaji anayekataa kutaja namba ya hati yake ameshajibu swali ambalo mnunuzi hajauliza.

Mwenzi wa ndoa awepo, na awepo kama mwenye mali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye hati ni moja. Kenya nayo ina katazo kama hilo katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Mabaraza na mahakama za ardhi zimekuwa zikipokea wake waliorudi kutoka msibani kijijini wakakuta nyumba ina mwenyewe mpya. Mke aliyesimama jikoni akieleza wageni jinsi gesi inavyofungwa ametoa ushahidi wa ridhaa mbele ya watu thelathini. Saini yake kwenye karatasi bado inatakiwa, lakini mnunuzi ameshajua anaweza kuitegemea.

Mombasa kuna somo lake. Katika Majengo na sehemu nyingine za mji huo na pwani ya Kenya, upo utaratibu wa miaka mingi wa nyumba bila ardhi: mtu anamiliki kuta na bati, ardhi ni ya mwingine, na mwenye nyumba anamlipa mwenye ardhi kodi. Nyumba hizo huuzwa na kununuliwa kihalali. Mgeni kutoka bara anaweza kulipa fedha akidhani amenunua mpaka udongo, kwa kuwa aliyemwonyesha hakumdanganya wala hakumwambia. Hapo kinachomwokoa ni kuuliza mbele ya wenyeji: ardhi hii kodi yake analipwa nani? Kwenye ziara ya watu wawili swali hilo linaweza kumpita. Kwenye sebule yenye wazee watatu wa mtaa, atakuwepo wa kulitaja.

Nchi zilizotangulia zimeshaona kwamba kuangalia chumba hakutoshi. Scotland, tangu Desemba 1, 2008, muuzaji lazima aandae taarifa ya hali ya nyumba iliyofanywa na mpimaji mtaalamu kabla ya kuitangaza, ikieleza unyevu, paa, bei ya soko na gharama za nishati. Mteja anaisoma kabla ya kuja. Jimbo la Victoria, Australia, tangu Oktoba 2014 linamtaka muuzaji au dalali wake awawekee wanaokuja kukagua orodha ya mambo ya kuchunguza: mafuriko, moto wa nyika, vibali vya ujenzi, mipaka. Tanzania ina wathamini waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Ripoti ya mthamini ikiwa mezani, hata kama haijalazimishwa na mtu, inamaliza nusu ya mabishano ya bei.

Basi siku ipangwe vizuri. Msimu mzuri kwa mnunuzi ni masika, barabara ikiwa na matope, na muuzaji mwenye nyumba nzuri hana sababu ya kuukwepa: nyumba iliyo kavu mwezi Aprili imejitangaza yenyewe. Ukuta unaotoa chumvi usipakwe rangi ya jana. Kila mnunuzi wa Dar es Salaam anajua kupitisha kiganja ukutani, na harufu ya rangi mbichi chini ya dirisha inamfukuza haraka kuliko chumvi yenyewe. Aambiwe tu: ukuta huu unapanda unyevu, fundi amesema msingi haukuwekewa nailoni, bei imezingatia hilo. Taa ziwashwe zote. Kila bomba lifunguliwe mbele ya mgeni, na asiambiwe "maji leo yamekatika" kama yanatoka mara mbili kwa wiki. Mfuniko wa karo uonyeshwe. Bei iandikwe mlangoni, bei moja, na dalali aliyemleta mteja alipwe kamisheni iliyotajwa wazi na muuzaji. Cha juu hakina pa kujificha bei ikiwa imebandikwa.

Si kila nyumba inafaa. Nyumba ya vyumba vya kupangisha, yenye familia sita zinazotumia ua mmoja, haiwezi kufunguliwa kana kwamba wapangaji hawapo. Waambiwe mapema, waulizwe saa gani inawafaa, vyumba vyao viingiwe kwa ruhusa, na wahakikishiwe kuwa kodi waliyokwisha lipa itaheshimiwa na mwenye nyumba mpya. Familia iliyo kwenye msiba au inayouguza isisumbuliwe. Nyumba iliyo katika kesi isionyeshwe kabisa. Na anayeuza kwa ndugu au kwa mpangaji wake wa siku nyingi hana haja ya umati, ingawa karatasi bado ziwekwe mezani.

Jambo moja linauma kila ukilitazama. Mtu akishindwa kulipa mkopo na benki ikaamua kuuza nyumba yake kwa mnada, sheria ya Tanzania inataka tangazo la hadharani la angalau siku 14 kabla ya mnada. Mtaa na namba ya kiwanja vinatajwa, gari la matangazo linaweza kupita na kipaza sauti. Nyumba inayouzwa kwa nguvu inatangazwa kwa watu wote, na inayouzwa kwa hiari ya mwenyewe inauzwa kichochoroni. Anayeuza kwa hiari anastahili wanunuzi wengi zaidi ya aliyenyang'anywa.

Kama pa kuanzia panatafutwa, paanzwe na nyumba za mirathi, kwa sababu huko ndiko ugomvi ni mkali. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anauza nyumba ya baba kwa milioni 90. Ndugu zake, mmoja yuko Mwanza na mwingine Muscat, wanasikia mtaani kwamba ilifaa milioni 130, na kuanzia hapo hawasalimiani. Huenda milioni 90 ilikuwa bei ya haki. Msimamizi hana namna ya kuthibitisha, kwa kuwa wateja aliletewa mmoja mmoja na ofa zilitolewa kwa simu. Sweden ina kanuni inayomfaa mtu huyu: dalali anatakiwa kuandika kila ofa iliyowekwa, nani, kiasi gani na lini, kisha muuzaji na mnunuzi wanakabidhiwa orodha hiyo. Msimamizi wa mirathi wa Tanzania tayari anawajibika kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alichofanya nayo. Akifungua nyumba Jumamosi mbili, akaweka daftari la wageni na ukurasa wa ofa zenye majina, kiasi na tarehe, akaomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa na shangazi wa marehemu wawepo, atakuwa na kitu cha kuambatanisha na hesabu hizo, na nakala yake itafika Mwanza na Muscat kwa simu jioni ile ile, kabla mkataba haujaandikwa.